Barafu kavu ikikugomea: dalili, chanzo na maswali ya mpwa wangu

Simu huanza kulia Jumamosi mchana. "Kaka, ule moshi wako mbona hautoki?" Anayepiga ameshachukua deli langu tangu asubuhi, ukumbi umepambwa, bi harusi yuko saluni, na ndani ya deli kuna kilo kumi za mawe meupe ambayo hajui ayafanye nini. Kazi yangu ni moshi wa sherehe hapa Dodoma: harusi, send-off, mahafali. Malalamiko yenyewe si mengi. Yanajirudia tu kwa sauti tofauti, kwa hiyo nimeyaandika kama yanavyoletwa. Humo humo utakutana na mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye kila likizo huja Nkuhungu kunisaidia kubeba ndoo na ambaye sijawahi kumsikia akiuliza swali la kawaida.

Kitu kimoja kwanza, maana kinarudi kila mahali hapa chini. Barafu kavu si maji. Ni kabonidayoksaidi (hewa ukaa) iliyoganda, gesi ile ile inayokuchoma pua ukinywa soda kwa pupa. Usawa wa bahari huganda kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na ikipata joto haiyeyuki: inatoka kwenye ugumu inaingia kwenye gesi moja kwa moja, haipitii umajimaji. Kilo moja hutoa kama lita 550 za gesi ukiwa Dar. Hapa Dodoma, mita 1,120 hivi juu ya bahari, hewa inatukandamiza kidogo kuliko wao, kwa hiyo kilo ile ile inatanuka mpaka lita 630 hivi, na jiwe lenyewe linatulia kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya chai yetu ichemke kwenye nyuzi 96 badala ya 100.

Jiwe, basi, liko safarini muda wote. Ukiona hitilafu, uliza gesi inatokea wapi na inazuiwa na nini.

"Moshi hautoki, au unatoka kiduchu"

Hili huja zaidi kati ya Juni na Oktoba. Mtu amefungua deli, kayapanga mawe kwenye sinia katikati ya ukumbi, kasubiri mawingu. Anapata kauzi keupe kanakoteremka ukingoni mwa sinia na kupotea kabla hakajagusa sakafu. Anaamini ameuziwa mawe ya zamani.

Mawe ni mazima. Gesi yenyewe haina rangi. Inaweza kujaa chumba na usione kitu. Ule weupe ni maji: mvuke uliomo hewani unapoozwa ghafla unakuwa vitone vidogo sana, kama pumzi yako alfajiri ya Julai ukisubiri daladala. Sasa hewa yetu ya kiangazi ina maji gani? Ndiyo hii inayokausha kanga kambani kabla hujamaliza kuanika ya tatu. Sinia hilo hilo ukilipeleka Tanga litatoa wingu zito, kwa sababu kule hewa imelowa. Hata hapa, ukifanya sherehe Januari baada ya mvua, utaona tofauti kwa macho bila kubadilisha chochote.

Dawa ni kuacha kuitegemea hewa na kuleta maji yako mwenyewe. Tumbukiza mawe kwenye maji ya moto. Kila povu la gesi linalopanda linajazwa mvuke wa maji yale, linafika juu, linapasuka, linamwaga ukungu. Maji ya bomba ya baridi hutoa ukungu wa aibu. Maji ya nyuzi 70 au 80 hutoa ule unaofunika viatu vya maharusi. Mimi hutumia pipa lenye hita, na kikapu cha waya ninachokishusha taratibu.

Ukifanya yote hayo na bado ukungu unapotea, tazama juu. Feni. Ukungu huu hutambaa kwa sababu ni baridi na gesi iliyomo ni nzito karibu mara moja na nusu ya hewa. Upepo kidogo tu unaupasua, na hewa kavu inavinywa vile vitone. Zima feni kwa muda wa wimbo mmoja, kisha washa na ufungue milango yote. Sherehe ya nje, uwanjani, mwezi wa Agosti na upepo wetu ule wa vumbi? Mimi hukataa hiyo kazi. Nitakula hela ya watu na maharusi watacheza kwenye vumbi.

"Umeanza vizuri, ukakata katikati ya wimbo"

Dalili: dakika mbili za mawingu, kisha mapovu yanapungua, pipa linanyamaza. Ukichungulia unaona mawe bado yamo chini, makubwa tu.

Toa jiwe moja kwa koleo ulitazame. Limevaa ganda la kioo. Maji yaliyolizunguka yameganda juu yake, na sasa joto haliwezi kulifikia haraka, limejifungia kwenye koti la barafu ya kawaida. Hiyo ndiyo barafu mbili katika jiwe moja, ya maji nje na ya gesi ndani, na ukiligonga kwa nyundo ndogo ganda linaachia na mapovu yanaanza upya.

Lakini ganda ni dalili ya kitu kikubwa zaidi: maji yalikuwa machache. Piga hesabu. Kilo moja ya barafu kavu inahitaji kilojuli 571 za joto ili yote igeuke gesi. Kilo tano ni karibu 2,850. Ukiwa na lita kumi za maji ya nyuzi 80 na ukazitwisha kilo tano, maji yatashuka kwa nyuzi 68 na kubaki na nyuzi 12 hivi. Hapo huna moshi tena, una maji ya kunywa. Lita 20 zingeshuka nusu tu ya hapo na kubaki na nyuzi 46, bado yana uhai. Kwa hiyo anayenipigia nikamwuliza "umetumia ndoo ngapi?" akajibu "ndoo? nimetumia beseni," sina haja ya kuendelea kumhoji.

Hapa ndipo mpwa wangu aliponiuliza: "Mjomba, na tukilimwaga lori zima kwenye bwawa la Hombolo?"

Nilicheka, kisha tukakaa na kalamu. Barafu kavu ni nzito kuliko maji, lita moja yake ina kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo ingezama. Mawe yangejivika maganda, yangetokota kwa muda mrefu chini. Tani kumi zingetoa zaidi ya mita za ujazo 6,000 za gesi. Kama siku hiyo hakuna upepo hata kidogo na gesi ikakaa pale juu bila kuchanganyika na hewa, ingetandaa kwenye eneo linalokaribia uwanja wa mpira, mpaka kiunoni. Wewe uliyesimama unapumua. Mbuzi aliyekuja kunywa maji hapumui. Hili si la kubuni sana: Agosti 1986, ziwa Nyos kule Kameruni lilitema kabonidayoksaidi iliyokuwa imeyeyukia kwenye maji yake ya kina, ikateremka mabondeni usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Dogo alinyamaza kwa dakika nzima, jambo ambalo kwake ni rekodi.

"Imepungua njiani, nimeibiwa"

Hapana. Imekwenda zake. Mzigo wangu hutoka Dar kwa basi, na deli linalopimwa kilo kumi jioni haliwezi kufika na kilo kumi asubuhi. Linachopoteza kinategemea unene wa kuta zake, nafasi tupu ndani na mara ngapi limefunguliwa "kuangalia tu". Vipande vidogo huisha haraka kuliko jiwe moja kubwa la uzito ule ule, kwa sababu uso unaoguswa na joto ni mwingi. Jaza nafasi tupu kwa magazeti yaliyofinyangwa. Deli likae kivulini, si kwenye buti lililooteshwa jua.

Wengi hudhani friza italiokoa. Friza ya nyumbani ina nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani ni ya moto kuliko jiwe kwa nyuzi 60. Kwa barafu kavu, friza ni jiko. Na kuna kituko kingine: jiwe likikaa karibu na kipima joto cha friza, friza inaona baridi imezidi, inajizima, na samaki wa mama mwenye nyumba upande wa pili wanaanza kulainika. Umeme ukikatika mambo yanageuka: hapo jiwe lililofungwa kwenye gazeti na kuwekwa rafu ya juu, baridi ikateremka, linaweza kuokoa nyama. Friza isibanwe kwa mkanda, na jikoni pawe na dirisha wazi.

"Uliniambia kavu. Mbona imelowesha meza?"

Maji ni ya hewa, si ya jiwe. Baridi ile inavuta unyevu ulioko karibu na kuugandisha juu ya jiwe kama unga mweupe. Jiwe likiisha, unga unabaki, unayeyuka kama barafu yoyote. Kiangazi hutaliona sana hili. Masika kila mtu analalamika. Ukitaka kujua ni kiasi gani kilichobaki ni jiwe na kiasi gani ni theluji ya maji, kwangua kwa kijiko kirefu cha mbao: theluji inapukutika, jiwe haliingiliki.

"Kifuniko kimeruka"

Hapa naomba usome polepole.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilibakiwa na kipande cha ukubwa wa kiberiti, nikaona nikihifadhi mahali penye baridi. Nikakitia kwenye chupa ya chai, nikafunga kizibo kwa nguvu, nikaiweka mezani, nikaenda kuoga. Nilisikia kama mtu amepiga teke mlango. Kizibo kilikuwa kimetoboa jipsamu ya dari na kuacha shimo la mviringo kama limekatwa kwa gilasi; kioo cha ndani ya chupa kilikuwa sakafuni, vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Kama ningekuwa nimeinamia meza, leo mtu mwingine angekuwa anaandika haya.

Hesabu ni fupi. Kipande kile kilikuwa kama gramu 40. Gramu 40 ni lita 25 za gesi. Chupa ni ya lita moja. Chupa inayotunza joto la chai haijajengwa kubeba hewa 25 zilizosongamana ndani yake, wala chupa ya soda, wala dumu, wala mtungi wa kioo wa achari. Kwa hiyo chanzo ni kimoja, na dawa ni moja: chombo chochote chenye barafu kavu lazima kiwe na pa kupumulia. Deli langu kifuniko kinakaa tu kwa uzito wake. Kijana mmoja aliwahi kukizungushia selotepu "ili baridi isitoke". Nilipofika nikakikuta kimevimba kama chapati ya moto. Tulikata selotepu tukiwa tumekaa pembeni, nyuso zimegeuzwa.

Mpwa wangu, kama kawaida, hakujali dari. Alitaka kujua: "Ndani ya ile chupa, kabla haijaruka, iligeuka maji?"

Swali zuri kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kitu hiki hakina hali ya umajimaji, na hiyo ni kweli hapa nje tu, kwa sababu hewa inakikandamiza kidogo mno. Ukifikisha presha mara 5.1 ya ile ya usawa wa bahari, na joto la nyuzi 56.6 chini ya sifuri, hali zote tatu zinakutana: jiwe, kimiminika na gesi, pamoja, kwenye chombo kimoja. Juu ya hapo barafu kavu inayeyuka vizuri tu kama barafu ya gengeni. Walimu wa sayansi huwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kale kamrija laini ka kudondoshea dawa, punje chache ndani, mdomo umebanwa kwa plaizi, kamrija kakiwa ndani ya gilasi ya maji na kila mtu amevaa miwani ya kinga. Punje zinaruka ruka, kisha ghafla zinalowa na kuwa tone linalochemka. Plaizi ikilegezwa, tone linaganda upya papo hapo na kuwa theluji. Ni sekunde chache. Usijaribu kwa chupa. Kamrija kakipasuka kanatoa mlio, chupa inatoa jicho.

Kama unataka kuona kilipo kimiminika hiki bila vituko, tazama mtungi wa zimamoto wa aina ya kabonidayoksaidi, ule wenye pembe nyeusi mdomoni. Ndani kimo, kikiwa kimebanwa. Ukifyatuliwa, kinachotoka na ile gesi ni chembe za barafu kavu. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa: Mfaransa aitwaye Thilorier alifungua mtungi wake wa kimiminika hiki, akaona kinatema theluji, na mwaka 1835 akaandika habari yake. Na kituko cha kwetu: joto likivuka nyuzi 31, kimiminika na gesi ndani ya mtungi vinaacha kutofautiana kabisa, mpaka uliopo kati yao unafutika. Mchana wa Novemba Dodoma unafika hapo bila kujitahidi. Inawezekana umeshapita mbele ya mtungi ukutani ambao ndani yake hakuna kimiminika wala gesi, kuna kitu cha katikati, na ukaendelea kutafuta kivuli.

Kuhusu kuzibwa, hata sayari ya Mirihi inalo tatizo hili. Nchani mwake kuna barafu ya kabonidayoksaidi, na majira ya kuchipua jua huipasha kutoka chini. Gesi inajazana chini ya ganda, ganda linapasuka, vumbi linarushwa juu. Kule hakuna jipsamu.

"Kijiko kinapiga kelele"

Si ubovu. Chuma chenye joto kikigusa jiwe, gesi inafumuka na kukisukuma, kinarudi, kinasukumwa tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Simamisha sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo kwenye ufa wa jiwe uone inavyotetemeka kama mtu mwenye malaria, mpaka ipoe. Kelele zikiisha, kijiko kimeshapoa. Ndiyo sababu pia kipande kidogo kinateleza kwenye marumaru kana kwamba kina magurudumu: kimekalia gesi yake mwenyewe.

"Kichwa kinauma, nimechoka ghafla"

Hii nayo usome polepole, na kama imekupata sasa hivi, acha kusoma, toka nje.

Hewa ya kawaida ina kabonidayoksaidi asilimia 0.04 hivi. Sehemu za kazi, kikomo kinachotumika sana kwa siku nzima ni asilimia 0.5. Ikifika asilimia 4 inahesabiwa kuwa hatari kwa maisha papo hapo. Dalili zinakuja kwa utaratibu unaodanganya: unahema haraka, unasema ni uchovu, kichwa kinagonga, unasema ni jua, unasinzia, unasema ni kazi ya jana. Pua ikikuchoma kama soda iliyopandia, hapo ulipo gesi ni nyingi mno, usivute mara ya pili.

Mahali inapotokea zaidi si ukumbini. Ukumbi wa mita 30 kwa 20, dari mita 5, una mita za ujazo 3,000. Kilo tano zinatoa kama 3. Ikichanganyika, ni asilimia 0.1 tu inayoongezeka. Tatizo la ukumbini ni sakafu, kabla haijachanganyika. Maharusi wamesimama, vichwa viko juu. Watoto wanaokimbilia mawingu na kulala humo kwa furaha, hao ndio wa kutolewa. MC wangu ninayemwamini huwaita watoto wote mbele kwa pipi dakika moja kabla ya moshi. Hajui fizikia, anajua watoto.

Mahali penyewe ni gari. Gari dogo lina kama lita 3,000 za hewa ndani. Deli likipoteza robo kilo kwa saa, ni lita 155 au zaidi, na vioo vikifungwa kwa ajili ya kiyoyozi kinachozungusha hewa ya humo humo, kwa saa moja umeshavuka asilimia 5. Kutoka hapa mpaka Singida ni zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo deli liende nyuma ya pikapu, wazi. Likilazimika kuwa ndani, vioo viwili viteremshwe na kiyoyozi kichukue hewa ya nje.

Kama una wasiwasi na chumba, kipimo cha bei rahisi ni mshumaa uliowashwa sakafuni. Ukizimika bila upepo, gesi imetanda. Ila kuwaka kwake si ruhusa ya kubaki. Kichwa cha binadamu huanza kuuma muda mrefu kabla mshumaa haujakata tamaa.

Oktoba moja ya joto, bati linapasuka, umeme umekatika, mpwa wangu akapendekeza tulale na deli wazi chumbani, iwe kiyoyozi. Chumba chake ni mita tatu kwa nne, dari mita tatu, yaani mita za ujazo 36. Kilo tatu zingepunguza joto kwa muda mfupi tu, na zingeleta gesi asilimia 5. "Kwa hiyo tungepata baridi?" akauliza. Tungepata, ndiyo, ya kudumu. Tulilala nje kwenye mkeka.

"Zabibu zangu zimekuwa goroli"

Hii ni ya starehe, na kwa mji wa zabibu nashangaa haijawa biashara. Ukiziweka zabibu mbichi ndani ya deli lenye barafu kavu chini, gazeti na chujio katikati zisigusane, kifuniko kikae kwa uzito wake, baada ya saa kadhaa gesi inaingia kwenye maji ya tunda. Ukiuma, inakutekenya ulimi kama soda. Nyekundu za mavuno ya Agosti na Septemba, zilizoiva hasa, ndizo tamu zaidi kwa hili.

Zikitoka ngumu kama goroli, ziligusa jiwe, au zilikuwa karibu mno. Zilizoganda hazipokei gesi. Zinatakiwa ziwe baridi lakini bado na maji. Ongeza gazeti. Zikitoka laini bila msisimko, jiwe lilikuwa dogo au zimekaa nje muda mrefu kabla ya kuliwa, maana gesi hutoroka kama soda iliyoachwa wazi. Na zile zilizogandishwa sana usizipe mtoto moja kwa moja, zinanata kwenye ulimi.

Jiwe lenyewe haliliwi. Wala kwenye juisi mpaka limeisha lote. Kipande cha gramu 10 tumboni ni lita sita za gesi na kidonda.

"Imenishika kidole"

Mguso wa kufumba na kufumbua kwa kawaida hauleti neno, gesi inakukinga. Kushika ndiko kunakounguza, na kidonda chake ni kama cha moto. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, usisugue, na malengelenge yakitokea nenda kituo cha afya. Glavu ziwe nene za kitambaa. Zile za plastiki za hospitali zinaganda mkononi. Sinki na choo pia visipewe mabaki: kigae kinapasuka na bomba la plastiki linakuwa jepesi kuvunjika kama biskuti.

"Nikiipeleka mahali penye baridi kuliko yenyewe, itakaa milele?"

Huyo ni mpwa wangu tena. Alianza na Kilimanjaro. Nikamwambia kileleni, mita 5,895, presha ni karibu nusu, na jiwe lingekuwa baridi zaidi, nyuzi 87 hivi chini ya sifuri, lakini hewa ya huko kwa jiwe hili bado ni tanuri. Akaenda Antaktika. Kituo cha Vostok, Julai 1983, kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri. "Basi hewa ukaa yote ya huko ilidondoka kama theluji?" Haikudondoka. Hewani ni chache mno, na gesi chache inahitaji baridi kali zaidi ndipo igande, kwenye nyuzi 140 hivi chini ya sifuri. Jiwe langu lingekaa Vostok muda mrefu, bila kutoa hata kelele, likipungua taratibu kama nguo inavyokauka kivulini ingawa hakuna maji yaliyochemka.

Alifikiri, kisha akauliza tuyafanye nini yaliyobaki kwenye deli, kwa sababu ilikuwa Jumapili usiku na harusi imekwisha. Tuliliweka uani, kifuniko kimelegezwa, juu ya meza ya kufulia, mbali na banda la kuku, maana kuku wanalala chini na gesi inapenda chini. Jumatatu asubuhi lilikuwa na magazeti yaliyolowa kidogo pembeni. Akayatoa kusoma matokeo ya mpira.